Mama Hataki Nihesabiwe

Ukimuuliza mama yangu ana watoto wangapi, atakujibu, "Wapo." Ukimbana sana atasema, "Mungu hakutunyima," kisha atakuuliza kama umekula. Mwaka ule wa sensa, karani alikuja kwetu na kishikwambi chake, binti mpole wa watu, akakaa uwani kusubiri jibu mpaka jua likamhamisha upande wa pili wa nyumba. Mwishowe baba yangu, mzee Mathayo, alimwita nyuma ya zizi akamtajia jina la kila mtu kwa sauti ya chini, utadhani wanapanga kuiba. Mama alipouliza yule binti ameandika nini, baba alimjibu, "Ameandika kwamba wapo."

Ndivyo tulivyolelewa. Kwetu ng'ombe hawahesabiwi kwa kidole, na vifaranga hawatajwi idadi hata kama kuku ametotoa mayai yote. Mama anamjua kila ng'ombe kwa rangi na kwa tabia. Jioni akisimama mlangoni mwa zizi, anajua nani hajarudi, na hajahesabu hata mmoja. Wazee wa upande wake walimfundisha kwamba kinachohesabiwa hupungua, na kinachosifiwa hadharani huondoka. Kwa hiyo hasifu. Akiletewa mtoto mchanga mzuri, humtazama akasema, "Haya, haka kabaya nako kamefika," na wazazi wa mtoto hucheka kwa furaha maana wanajua alichokusudia.

Mimi ni Dina, kitinda mimba wake, na nina hasira za karibu. Nakwambia mapema usije ukashangaa huko mbele. Mchana nauza mbegu na dawa za mifugo katika duka la pembejeo pale Kiomboi, na Jumamosi na Jumapili naimba kwaya kanisani kwetu kijijini. Watu wengi wameniambia nina sauti. Mama hajawahi. Krismasi nilipoimba peke yangu kwa mara ya kwanza, kanisa zima lilinigeukia, yeye akawa anatafuta kitu kwenye pochi yake. Njiani tukirudi alisema kitenge changu kilikuwa kimekaa upande. Nililia siku ile, na sina haja ya kuficha: nilichokuwa nakitaka kuliko vyote ni mama yangu aseme, mara moja tu, kwamba naimba vizuri.

Mwaka jana, baada ya mavuno, studio moja ya Singida mjini ilitangaza shindano. Kila mwimbaji aweke wimbo wake mtandaoni, na wimbo utakaopata laiki nyingi zaidi kufikia mwisho wa mwezi utarekodiwa bure, pamoja na video. Chediel, mpiga kinanda wa kwaya yetu, ndiye aliyeniletea habari hiyo, na ndiye aliyenirekodi kwa simu yake. Nilikuwa nimetunga wimbo wa Kinyiramba juu ya mdundo ule wa bibi zetu wa kupura uwele. Tukaenda kuurekodi palepale penye kupuria, vumbi likiwa bado halijatulia, wanawake wakipiga kwa fimbo nyuma yangu. Hata Chediel, ambaye husifu kwa shida, alisema, "Huu umetoka."

Sikuwaza kushindwa. Nani kijijini kwetu hana simu janja siku hizi? Kuna wanakwaya, kuna walimu, kuna vijana wa bodaboda wasiokuwa na abiria nusu ya siku, kuna shangazi zangu wanaotumiana picha za maua kila asubuhi. Shangazi zangu peke yao wangenifikisha studio nikiwa nimebebwa.

Wiki ya kwanza ikapita. Laiki zangu zilikuwa mia na kitu, na karibu zote za watu nisiowajua. Mtu wa Mbeya. Mtu wa Mombasa. Mwingine alikuwa na picha ya pikipiki badala ya uso. Wa kwetu hakuna, hata mmoja. Na si kwamba hawakuutazama. Nilipita kisimani nikawasikia wasichana wanauimba ubeti wa pili. Waliponiona wakacheka, wakageuza maneno.

Wakati huohuo kulikuwa na Jenifa, binti wa Shelui, kule kwenye barabara kuu ya kwenda Nzega. Wimbo wake ulikuwa mzuri, siwezi kumnyima haki yake, lakini alikuwa na kitu ambacho mimi sina: malori. Dereva akisimama Shelui kula, kabla hajanawa mikono ameshaonyeshwa wimbo wa Jenifa na ameshabonyeza. Laiki zake zikawa maelfu, na kila mtu alikuwa anaziona, za kwake na za kwangu, maana ziliandikwa chini ya wimbo kama bei.

Nikaugua ugonjwa wa kuchungulia. Nilichungulia nikiamka, nikachungulia nikipiga mswaki, nikachungulia chini ya meza ya duka huku mteja anaongea. Mzee Hezekia alikuja kununua dawa ya kuua kupe, nikampa ya kuua magugu. Bahati yake huwa anasoma maandishi ya chupa. Aliirudisha juu ya meza taratibu akasema, "Binti yangu, ng'ombe zangu si magugu." Nilimwomba radhi mpaka nikaona aibu, na alipotoka tu nikachungulia tena.

Nyumbani nako mambo yalikuwa hayaeleweki. Kila nikirudi nakuta kuna kitu kimeletwa. Leo tenga la viazi vitamu, kesho karanga, keshokutwa kuku amefungwa miguu kando ya jiko. Niliuliza mara moja, mama akasema, "Watu wamevuna." Sikuuliza tena. Kichwa changu kilikuwa kwenye namba.

Mwezi ukaisha, Jenifa akashinda. Mimi sikuwa hata katika watatu wa mwanzo. Jumamosi yake nilikwenda mazoezini kwa sababu kutokwenda kungekuwa aibu zaidi, nikaimba kwa midomo tu. Watu walipotawanyika Chediel alibaki anafunga kinanda chake kwenye kitambaa, anafungua, anafunga tena.

"Dina, nikwambie kitu, lakini usinipigie kelele."

"Nitapiga nikishasikia."

"Mama yako alituambia tusibonyeze."

Nilidhani sijamwelewa. Akaniambia yote. Siku niliyochelewa kutoka kazini, mama alikuja mazoezini, akawasalimia, akasema wimbo wautazame na wausikilize watakavyo, ila ule moyo wa kubonyeza wasiuguse. Kisha akaenda kwa akina mama wa kanisa. Kisha kwa shangazi zangu. Alifika mpaka kijiwe cha bodaboda.

"Na nyie mkakubali?"

"Dina, yule ni Mama Antipasi. Wewe ungemkatalia?"

Antipasi ni kaka yangu mkubwa, yuko Manyoni, anafanya kazi reli, na kijiji kizima kinamwita mama kwa jina lake. Kusema kweli hakuna wa kumkatalia. Nusu ya watu pale aliwapokea siku waliyozaliwa, nusu nyingine amewapikia kwenye misiba yao. Lakini mimi siku ile sikutaka ukweli, nilitaka mtu wa kugombana naye, na Chediel hakutosha.

Nilifika nyumbani nimevimba. Mama alikuwa uwani anapepeta uwele. Nilisimama mbele yake nikavuta pumzi ya kulipuka, nikasema, "Shikamoo mama," maana kwetu hata ugomvi huanza na shikamoo.

"Marahaba. Mbona unahema?"

"Mama, umewakataza watu wasinilaiki?"

Hakuacha kupepeta. "Nimewakataza."

"Kwa nini?"

"Unamkumbuka Maua?"

Maua alikuwa ng'ombe wetu, alikufa mimi nikiwa darasa la tatu. Nilimwambia namkumbuka, na kwamba sijaja kuzungumza habari za ng'ombe.

"Maua alikuwa anatoa maziwa hayana mfano," mama akaendelea kana kwamba sijasema kitu. "Watu wakaanza kuja. Wanauliza vibuyu vingapi asubuhi, vingapi jioni. Mwalimu mmoja akaandika ubaoni, watoto wakapiga hesabu ya maziwa ya Maua. Masika hayajaisha, Maua kalala, hakuamka."

"Mama, Maua alikufa kwa ndigana! Bwana mifugo alisema. Mimi dawa yake nauza dukani!"

"Ndigana ilikuwepo miaka yote. Kwa nini imwone yeye?"

"Mimi siyo ng'ombe, mama!"

Hapo ndipo alipoweka ungo chini. Akaniangalia, na sura yake haikuwa ya ukali niliyoizoea. "Najua wewe siyo ng'ombe," akasema. "Maua nilimlilia wiki nzima. Wewe nitakuliliaje?"

Mtu wa hasira akikosa jibu huongeza sauti. Nilimwambia nimekosa studio kwa sababu yake. Nilimwambia watu wamenicheka. Kisha likatoka lile lililokuwa chini ya yote. "Hujawahi hata siku moja kuniambia naimba vizuri. Wewe mama yangu. Hata siku moja."

Akauokota ungo wake. "Na wale kuku?"

"Kuku gani?"

"Waliokuja hapa mwezi mzima. Karanga, viazi, mayai. Ulidhani watu wamechanganyikiwa? Mtu akishautazama wimbo wako alikuwa analeta alichonacho. Mama Pendo aliutazama akalia, akamleta jogoo wake wa mbegu."

"Jogoo hahesabiwi studio!"

"Ndiyo maana nilimpokea."

"Na alikuwa mtamu," akasema baba, aliyekuwa amekaa nyuma ya ukuta muda wote akijifanya anarekebisha mpini wa jembe.

Niliingia ndani nikafunga mlango. Nilikuwa nimemla yule jogoo, nikamwomba mama aniongezee mchuzi, na sikuwa najua nakula nini. Hilo liliniuma kwa namna nisiyoweza kuieleza vizuri. Kumbe nilikuwa nimesifiwa na kijiji kizima, na mimi niko chini ya meza ya duka nachungulia kama mtu wa Mbeya ameniletea mwenzake.

Hata hivyo sikusamehe. Kwa majuma kadhaa mama na mimi tulikuwa watu wa salamu na chumvi: shikamoo, marahaba, nipe chumvi, chukua. Baba alijaribu mizaha yake ikadondoka katikati yetu. Wimbo niliuacha kule mtandaoni na namba yake chini yake, na kila nikiuona nilitamani kuufuta.

Siku moja dukani simu ikaita, namba ngeni.

"Ni Dina wa Kiomboi? Mimi Jenifa. Wa Shelui. Namba yako nimepewa studio."

Nilijiandaa kuringiwa. Nikampa hongera kavu. Lakini yule binti alikuwa na sauti ya mtu aliyetoka kulia, na kwa kuwa hatukujuana, nadhani ilimwia rahisi kuniambia. Alikuwa ametoa wimbo wa pili. Ule wa kwanza ulikuwa umefika maelfu, huu ulikuwa unasuasua.

"Shelui nzima inajua, dada yangu," akasema. "Nikipita kununua chips, muuzaji ananiuliza, 'Jeni, mbona umeshuka?' Hajausikiliza! Ameangalia namba tu. Baba mdogo naye ananiuliza nimekosana na nani. Nikasema nikupigie wewe uliye na raha, uko chini na hakuna anayekuuliza."

"Hizo ulizonazo ningezipata mimi, ningechinja mbuzi."

"Na mimi nilikuwa nasema hivyohivyo."

Nikamuuliza kama angetaka namba zifichwe, kila mtu abaki na zake. 

"Sijui," akasema. "Baba yangu ni fundi pancha. Bila ile namba, nani angekubali kunisikiliza? Watu mnadani wanakwenda penye watu. Ile namba ndiyo iliyonifungulia mlango. Ila sasa nimeshaingia, na bado inanisukuma mgongoni."

Tulipoagana sikuweza kuhudumia mtu kwa muda. Nilikuwa nimemchukia Jenifa mwezi mzima, naye alikuwa ananiwazia kwamba nina raha kwa sababu niko chini na hakuna wa kuniuliza. Nilifikiria mnada wetu. Ni kweli, mgeni akifika, hawezi kujua nyama ya nani ni tamu. Ataangalia moshi ulipo na watu walipo, atakwenda huko. Kizuri chajiuza, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwahi kuuza kitu mtandaoni kati ya watu milioni wanaopiga kelele. Ila pia nimewahi kumwona mama mmoja mnadani pale, nyama yake safi, amekaa na moto wake peke yake, na watu wanampita kwa sababu tu waliotangulia walimpita. Anayejua kwamba ni safi ni yeye na mkaa wake. Jenifa alikuwa na haki, na mama yangu alikuwa na haki, na mimi nilikuwa nimesimama katikati bila wimbo.

Nilimweleza Chediel, naye kwa kuwa bado alikuwa anaogopa kelele zangu, alifurahi kupata la kunisaidia. Akachukua simu yangu akanionyesha mahali. Kumbe kuna uwezekano wa kuzima ile namba. Watu watautazama wimbo, watabonyeza wakitaka, lakini idadi haitaonekana chini yake. Nilijiona nimepata dawa ya kila mtu. Nikatunga wimbo mwingine, nikaujaribu bafuni mpaka ukakaa, Chediel akaurekodi, na jioni hiyohiyo nilimfuata mama jikoni na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nikakaa chini karibu naye.

"Mama, nataka kuweka wimbo mwingine. Na nimezima hesabu. Hakuna atakayeona ni wangapi."

"Hakuna?"

"Hata mmoja. Shangazi wanaweza kubonyeza, bodaboda wanaweza, na hakuna jicho litakaloona."

Mama alipuliza moto, moshi ukamwingia machoni, akafuta. "Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Wewe unaziona?"

"Mimi nitaziona, mama. Simu ni yangu."

"Basi bado kuna anayehesabu."

Nilicheka. Nilimuuliza mimi nitajitupia kijicho vipi, jicho langu mwenyewe, juu ya wimbo wangu mwenyewe. Mama hakucheka.

"Hakuna jicho baya kwako kuliko lako," akasema. "Nimekuona. Ulikuwa unaamka asubuhi unakwenda kisimani unaimba. Unarudi unaimba. Mimi kitandani naamshwa na wewe tangu ukiwa mdogo. Mwezi ule uliposhika ile simu, ukaacha. Nikangoja. Nikasema labda ni mafua. Mpaka leo hujaimba ukienda kisimani, Dina. Nani amekuroga kama si wewe?"

Nilitaka kubisha. Nilitafuta asubuhi hata moja ya kumtajia, sikuipata. Kilichonigusa zaidi ni kwamba alikuwa akingoja. Miaka yote hii, alikuwa amelala pale anasikiliza.

"Sasa unataka nifanye nini, mama?"

"Weka wimbo wako. Usiangalie. Usiangalie leo, usiangalie kesho. Nikijua huangalii, sina la kumkataza mtu."

"Na wewe utabonyeza?"

"Hilo halikuhusu."

"Mama!"

"Ukishajua, umeshahesabu," akasema, akanisukumia bakuli la maharage. "Chambua hayo."

Niliahidi. Niliposema "naahidi" nilikuwa na maana yake kabisa. Wimbo niliuweka palepale jikoni, nimekaa mkabala naye, yeye akichambua maharage yake nami yangu. Nilibonyeza, nikaizima simu, nikaiweka juu ya rafu ya vikombe. Mama hakuuliza hata wimbo unahusu nini.

Siku za mwanzo mkono ulikuwa unawasha. Nilimwachia Chediel kazi ya kujibu watu, nikamkataza kuniambia chochote, na mara mbili nilimkuta ameshafungua mdomo nikamfunga. Kisha ikawa rahisi. Sitaki kusema uongo kwamba nilisahau, hapana, lakini kulikuwa na saa nzimanzima dukani ambapo niliongea na mtu nikamsikia anachosema. Mzee Hezekia alipata dawa yake sahihi. Asubuhi moja nilikuwa natoka kisimani na ndoo kichwani, nikasikia mtu anaimba, kumbe ni mimi. Nilipoingia uwani, dirisha la chumba cha mama lilikuwa wazi kidogo. 

Tungeweza kuishia hapo, na ningekuwa binti mwema. Lakini Jumapili moja mchana mama alikwenda kwenye kikao cha akina mama wa kanisa, baba alikuwa mbugani na ng'ombe, nami nilikuwa peke yangu nyumbani na simu. Nilijiambia namba sitaiangalia. Nilikuwa sina shida nayo tena, kweli. Mtu wa Mbeya na watu wake wakae salama. Nilikuwa na shida na jina moja tu. Nilitaka kujua kama lipo au halipo, basi, kisha ningefunga.

Nikafungua. Majina yalikuwa mengi kuliko nilivyotarajia, na mara hii yalikuwa yetu. Nilimwona Chediel, nikamwona mwalimu wa darasa langu la kwanza, nikawaona shangazi wote wamefuatana, nikamwona Jenifa wa Shelui. Nilikuwa nateremka kwa kidole, huku nikitupia lango jicho kama mwizi. Aliyetangulia hukaa chini kabisa, kwa hiyo nilikwenda mpaka mwisho.

Wa kwanza alikuwa mama. Jina lake, Dorika Mathayo, na ile picha ya ng'ombe aliyowekewa na kaka Antipasi siku aliyomletea simu. Kwa saa ya arifa, alikuwa amebonyeza dakika ileile niliyouweka wimbo, kabla ya mtu yeyote duniani. Alikuwa amekaa mbele yangu, bakuli mapajani, na mimi namwangalia, na sikumwona. Alikuwa ameificha simu chini ya kanga akautafuta moyo kwa kidole gumba bila hata kuusikiliza wimbo kwanza. Au alikuwa ameshausikiliza, siku zote zile nilipokuwa naujaribu bafuni.

Nililia, nikacheka, nikazunguka uwani kama niliyeng'atwa na siafu. Nilitaka kukimbia mpaka kanisani nimtoe kwenye kikao chake nimkumbatie mbele ya akina mama wote. Nilikuwa nimefika kwenye lango nilipokumbuka. Nikimwambia asante, atajua niliangalia. Nikimwambia nimeona jina lake, nimehesabu, na yeye alikuwa ameniamini. Hatabonyeza tena kamwe, na labda, kwa jinsi ninavyomjua, atakaa akisubiri kitu kibaya kinipate. Nikarudi nikakaa kwenye kigoda.

Alirudi jua likiwa linashuka, amechoka, viatu mkononi. Nilimpokea mkoba, nikamletea maji ya kunawa miguu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akanitazama. "Mbona uso wako hivyo? Umepata nini?"

"Sijapata kitu."

"Hukuangalia?"

"Sikuangalia, mama."

Akaitikia kwa kichwa, akaanza kunihadithia habari za kikao, nani alisema nini, nani alisusa. Nilikuwa namwangalia mdomo unavyokwenda na sisikii hata neno. Furaha ilikuwa imejaa kifuani mpaka inaniuma mbavu, na mwenye nayo amekaa mbele yangu ananawa miguu, na siwezi kumwambia. Nilimwambia maji yamepoa, nikamwongezea ya moto. Nikamwambia kanga yake imekaa upande. Mimi furaha ile isiyosemwa nilikuwa nimeibeba jioni moja tu na tayari imenishinda. Yeye alikuwa ameibeba tangu siku niliyozaliwa.